Nilivyombeba Mama Mkwe Kitabuni

Nilipomaliza shule ya jioni, darasa letu la watu wazima pale Burumba, nilikuwa na cheti kimoja na maneno ya kutosha kujaza maghala yote ya mpakani. Nikaandika kitabu. Wachapishaji wa Nairobi hawakunijibu, labda bado wanapumzika baada ya kuubeba mswada, kwa hiyo nikaamua kujichapishia. Dukani kwangu natoa fotokopi; wateja wakipungua, ninaandika. Utoto wangu, miaka ya kupakua malori Malaba, shule, ndoa. Yote nikaweka.

Kazi ya kuhariri nilimpa mwalimu mmoja mstaafu wa Malaba, mama mwenye penseli kali kuliko kisu cha bucha. Alikata, akapunguza, akanung'unika, na tulikuwa tunaelewana vizuri mpaka alipofika sura ya mahari.

Ilikuwa ni siku niliyopeleka ng'ombe kwa kina mke wangu, Chakol. Mvua ilinyesha, ile ya kuzamisha bata, ikawafukuzia wageni wote ndani. Mama mkwe akatoka jikoni na sinia ya chai kuwapelekea, akateleza, akaanguka kwenye matope. Uani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi niliyebaki na ng'ombe. Kitabuni niliandika kwamba niliruka zizi kama swara, nikamnyanyua mzima mzima kama gunia la mahindi, nikambeba hadi mlangoni huku mvua ikitupigia makofi.

"Hii ilitokea?" mwalimu akauliza.

"Kuanguka alianguka, mwalimu."

"Sijauliza kuanguka. Nauliza kubebwa."

"Si unajua msomaji anataka utamu?"

"Na huyo msomaji ni nani?"

"Watu wa mbali. Mombasa huko. Dodoma."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe umeoa huku huku, halafu unaandika hivi. Mimi nimeweka alama. Kitabu ni chako, boss."

Niwaeleze hao wa mbali, maana huenda wapo. Kwetu huku mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Siku ile nilifanya kilichonipasa: niligeuza uso, nikasimama nyuma ya ng'ombe, nikalowa kama kitambaa cha deki, mpaka nikasikia mama ameinuka mwenyewe, ameokota vikombe, ameingia ndani. Sijawahi kumpa mtu heshima kubwa kama ile. Lakini mwanamume aliyejificha nyuma ya ng'ombe hapendezi kitabuni. Nikamfuta.

Vitabu vikatoka, picha yangu nyuma, nacheka meno yote. Dodoma hawakununua hata kimoja. Mke wangu, kwa kunionea fahari, alipeleka katoni nzima kanisani kwao Chakol, na chama cha akina mama kikaanza kukisoma kwa sauti baada ya ibada, sura kwa sura. Yeye mwenyewe alikuwa amekisoma mpaka mahali ninapomsifu, akatosheka. Niliposikia ninasomwa nilivimba, milango ya duka ikawa myembamba kwangu.

Jumapili moja akarudi kutoka kwao, akaketi bila kuvua viatu.

"Baba watoto, leo wamefika pale pa mvua."

"Wamecheka?"

"Kanisa zima limemgeukia mama. Mwenyekiti akamuuliza, 'Mama, ni kweli mkwe alikushika?'"

Nikajiandaa kuitwa mwongo. Sikuona vibaya sana. Nimeitwa hivyo na watu wengi, wengine kwa upendo.

"Akasema mimi ni mwongo?"

"Heri angesema. Alisema ni kweli."

Nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye.

"Mimi ameniambia njiani kwamba hukumgusa. Nikamuuliza sasa mbona hukusema? Akasema, 'Picha yake iko hapo nyuma ya kitabu. Nikisema ni uongo, mume wako atauza nini tena?'"

Mkwe akigusana na mama mkwe, mila inataka mkwe atoe mbuzi wa kuondoa aibu. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa kabla mke wangu hajaondoka huko. Alikuwa wa mama mwenyewe, yule wa maziwa. Wazee aliwaambia ni mbuzi aliyetumwa na mkwe.

Kesho yake nilidandia bodaboda hadi kwa mwalimu, Malaba. Toleo la pili lilikuwa karibu kwenda kwa mpiga chapa. Hakunisuta, alinichongea penseli tu, akanikalisha. Nikaandika upya ukurasa wote: ng'ombe, kuloa, uso niliougeuza. Mwalimu akasoma, akasema hapo ndipo nimeandika vizuri kuliko kitabu chote. Nikampa mke wangu ule ukurasa aupeleke kwa mama, kwa sababu mimi siwezi kwenda kumuuliza mama mkwe jambo kama hilo. Jibu likaja kwa njia ile ile.

"Asifute. Nimeshasema mbele ya kanisa. Akifuta, mwongo ni mimi."

Basi toleo la pili limetoka na gunia lake la mahindi. Ndiyo maana hapa sitaji jina la mtu wala la kitabu, na Chakol ni pana.

Mwezi uliopita chama cha akina mama kiliniita nikawasomee. Tulikutana kwa mama mkwe. Mimi sebuleni nao, yeye jikoni, mlango umerudishwa nusu kama inavyotakiwa. Nilitaka kusoma sura ya shule. Wakakataa.

"Mvua! Tusomee mvua!"

Nikasoma. Nilipofika pale ninaporuka zizi, sufuria zikanyamaza jikoni. Nilipomnyanyua, wakacheka, wakapigana mabega, na mwenyekiti akaita kuelekea mlangoni, "Mama, kumbe huyu alikuwa na nguvu hivyo?"

"Kama gunia la mahindi," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemenya viazi. "Mwambieni aendelee kusoma."

Wakaniambia. Nikainamisha uso ukurasani, nikambeba hadi mlangoni.