Nyasi Nilizotandaza Kabla ya Picha

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha migomba na kuandika neno moja chini ya kila picha: mzima, au mgonjwa. Watafiti walikuja Nyakakika wakitafuta watu wanaoijua migomba kwa macho, na mwenyekiti wa kitongoji akanitaja mimi. Sijui kwa nini, maana niliishia darasa la saba. Labda ni kwa sababu ninaishi peke yangu na nina muda. Wenzangu walikuwa Kiruruma, Kituntu, na wengine huko Kyerwa. Tulikutana mara moja tu, kwenye ukumbi wa kanisa, tukaelezwa kwamba picha zetu zitaifundisha akili mnemba kutambua ugonjwa wa mnyauko, na kwamba programu itakuwa nyepesi, itakaa kwenye simu ya kawaida bila mtandao. Tukaambiwa pia tuombe ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kupiga, hata akiwa ndugu. Hilo nililipenda.

Kusema kweli nilipenda zaidi simu ya Ijumaa. Kila Ijumaa dada mmoja mtafiti alinipigia kuuliza kama picha zimefika, na kabla ya picha aliniuliza nimeamkaje. Tangu mume wangu afariki na watoto wahamie Mwanza, mwingine aliyeniuliza hivyo alikuwa jirani yangu peke yake.

Jirani huyu ni mdogo kwangu. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye na mumewe wamefanya vibarua miaka mingi mpaka wakapata kibanja chao, migomba na kahawa kidogo. Asubuhi moja alipita kwenye pengo la ua wangu akiwa na jembe begani.

"Shikamoo, mama. Jana ulimpiga picha nani?"

"Marahaba. Mgomba wako wa pale mlangoni. Mumeo aliniruhusu."

"Ule? Bila kuniambia niuvalishe?"

Tulicheka. Lakini alikuwa amesema jambo ambalo sote tulikuwa tunalifanya, nami sikulisikia.

Baadaye programu ililetwa kwenye simu zetu tuijaribu. Nisiwasingizie watafiti: walituambia bado ni majaribio, na tukiona tofauti na simu tuandike tulichoona. Wiki hiyo hiyo jirani akaniita. Mgomba wake mmoja ulikuwa na majani yanayolegea na kuwa ya njano. Nikaangalia juu. Ua la chini ya mkungu lilikuwa limenyauka, na ndizi mbili zilikuwa zinaiva kabla ya wakati wake. Nilizijua dalili hizo. Nikainua simu, nikapiga, na simu ikaandika: mzima.

"Inasemaje?" akauliza.

"Mzima."

"Na wewe unasemaje?"

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na jibu. Nikasema, "Mimi ni nani nibishane nayo? Imeona migomba mingi kuliko mimi."

Akafurahi. Akachukua panga lake, akaendelea kupunguzia majani, mgomba huu na ule, panga lile lile bila kulipitisha motoni kuua ugonjwa, kwa kuwa hakukuwa na mgonjwa. Mimi nilirudi nyumbani. Sikuandika popote nilichokiona.

Mvua zilipokolea, kibanja chake kiligeuka njano. Alipokata shina moja, ute wa njano ukatoka, naye akakaa chini.

Nilizifungua picha zangu zote, moja baada ya nyingine, na nikaona. Kila mgomba mzima niliopiga ulikuwa na nyasi mpya zimetandazwa chini yake, majani makavu yamebanduliwa, pamefagiwa. Nilikuwa nafanya mwenyewe kabla ya kupiga. Nani huku anaonyesha wageni kibanja kichafu? Na migomba migonjwa niliipiga ilivyosimama, kwenye magugu, kwa sababu hakuna anayetandazia nyasi mgomba unaokufa. Jirani yangu hana shamba kubwa, ila nyasi zake zimetandazwa kama mkeka. Simu ilitazama nyasi.

Ijumaa nilimwambia dada mtafiti kabla hajaniuliza nimeamkaje.

"Mama, tulipaswa kuja kuwaangalia mnavyopiga," alisema. "Hatukuja."

Akawauliza wenzangu. Wa Kituntu naye alitandaza. Mmoja wa Kyerwa alikuwa anaosha mashina kwa maji. Majaribio yakasimamishwa, na sote tukaambiwa tuanze upya, bila kugusa chochote. Dada yule alisema kosa ni la wote. Huenda ni kweli kwa upande wa simu. Lakini mimi nilikuwa nimeona ule mgomba kwa macho yangu, na hilo halikuwa la wote.

Siku tatu nilijiandaa. Siku ya nne nikapita kwenye pengo la ua. Alikuwa anachimba shimo la kufukia mashina.

Nikamweleza habari ya nyasi. Alisikiliza, jembe mkononi.

"Kwa hiyo mashine ilidanganyika," akasema. "Basi, mama. Mashine ni mashine."

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshanisamehe kosa ambalo si langu lote.

"Niliona ugonjwa siku ile," nikasema. "Kabla ya kupiga picha."

"Uliona?"

"Ua lilikuwa limenyauka."

"Nami nikakuuliza wewe. Sikuiuliza simu. Nilikuuliza wewe."

Nikamwambia watafiti wanahitaji picha za migomba migonjwa iliyosimama kwenye nyasi safi, ili simu isikosee kwa mwingine, na kwamba anaweza kukataa. Aliitazama michache iliyobaki.

"Piga," akasema. Akaingia ndani, akarudisha mlango.

Nilipiga yote, nikaandika mgonjwa chini ya kila moja. Zamani angeniletea kigoda na kahawa za kutafuna. Nilisimama kidogo nje ya mlango, kisha nikapita kwenye pengo la ua kurudi kwangu. Tangu siku hiyo ni mimi tu ninayelipita, nikienda kumsalimia. Anaitikia akiwa ndani.