Maziwa ya Kwanza ya Ghazala

Hapana, Zuwena, miaka tisa si utoto wa kutojua kitu. Ndivyo nilivyomjibu dada yangu mchana huu jikoni, naye akaiweka sahani chini kwa kishindo, akaniambia nimwache Bibi apumzike kaburini kwake, nisimchafulie jina kwa ajili ya mtoto wa farasi aliyekufa zamani na Mkenya aliyekwisha kwenda kwao. "Ulikuwa na matumbwitumbwi, shingo imevimba kama puto," akasema. "Nani atakuja kukuuliza wewe?" Hakuna, najua. Hakuna aliyeniuliza miaka yote hii, na ndiyo maana nimeona niandike. Simchafui Bibi. Bibi hakusema uongo hata mara moja. Aliyesema uongo ni mimi, tena mara mbili, na nilijua ninachokisema.

Zuwena analikumbuka shamba letu la Bawshar, nje ya Maskati, kama mahali pa vumbi tu. Mie naikumbuka harufu kwanza: majani mabichi yaliyokatwa alfajiri, kinyesi cha farasi kilichopata jua, na dagaa wakavu ambao jirani yetu alikuwa akiwalisha ng'ombe wake, harufu inayokuingia kwenye nywele hata uoge vipi. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya vilima vya mchanga. Nyuma yetu hapakuwa na kitu ila mchanga mwekundu na upepo, na mbele yetu mji ulikuwa unakuja. Kila nikirudi skuli nakuta ukuta mwingine mweupe umesimama mahali palipokuwa na mitende. Sisi wachache tuliobaki tulikuwa bado tunagawana maji ya mfereji kwa zamu, bado tunapelekeana ndimu na maziwa, na bado tunagombana mbuzi wa fulani akiingia kwenye majani ya fulani. Maisha yenyewe yalikuwa magumu, sitaki kuyatia sukari. Kiangazi kilikuwa kinaunguza mpaka bomba la maji huligusi kwa mkono mtupu, na pampu ikisimama siku moja tu, wanyama wanaanza kulia.

Baba alikuwa na kazi yake ofisini, lakini roho yake ilikuwa bandani. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, na nadhani alitaka awe na kitu kinachomfanya aonekane wa hapa kweli kweli mbele ya watu waliokuwa wakimwita Mzanzibari. Kitu hicho kilikuwa farasi. Alianza na mmoja tu, jike wa kijivu anaitwa Ghazala, mwembamba wa shingo, macho makubwa kama ametiwa wanja. Alimpeleka mji wa Barka kwa dume la rafiki yake, akamrudisha, akaanza kuhesabu miezi kumi na moja kwenye kalenda ya ukutani, anakata siku moja moja kwa kalamu nyekundu. Sisi tulizaliwa watatu na sijasikia kama alitukatia kalenda.

Wa kumtunza Ghazala alikuwa Musyoka, mtu mzima wa Machakos aliyefanya kazi kwenye mabanda ya farasi Nairobi kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mrefu, kimya, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kamba. Mimi alikuwa ananiita mdosi, yaani bosi, kwa sababu nilikuwa napenda kusimama mlangoni mwa banda na kumwamrisha. "Haya mdosi, leo tunafanya nini?" Nilikuwa nampenda, lakini nilikuwa namcheka pia. Nyumba nzima tulikuwa tunamcheka. Akisema "hii farasi imekunywa maji mingi," Bibi anaziba masikio. "Yallah! Kiswahili gani hicho, kama mtu anavunja kuni!" Musyoka anacheka na yeye. Sasa ndiyo naona tulikuwa tunafanya nini. Mtu ukishazoea kumcheka anavyosema, unazoea vilevile kwamba anachosema hakina uzito.

Ghazala alizaa asubuhi, jua ndiyo linachomoza. Siku hiyo sikwenda skuli kwa sababu ya matumbwitumbwi, nimefungwa kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Zuwena alikuwa skuli, Mama anasomesha, kaka yetu mdogo yuko naye. Niliona miguu miwili ya mbele ikitoka, imefunikwa na ngozi nyeupe, Musyoka akipiga magoti kwenye majani anazungumza kwa lugha ya kwao. Mtoto alikuwa dume, mweusi wa kulowa, na masikio yake yamelala kama ya sungura. Musyoka akakipaka kitovu dawa ya kahawia kutoka kwenye kichupa. Baba akasimama na kanzu yake ya ofisini, akafuta uso kwa kilemba.

Lakini huo ndio ulikuwa uzazi wa kwanza wa Ghazala. Kiwele kimejaa, kinamuuma, na kila mtoto akisogea kunyonya, anageuka na kutishia teke. Musyoka alikuwa anamshika taratibu amzoeshe, ndipo mota ya pampu ikaungua. Moshi ukatoka, maji yakakatika. Ile mota ilitaka watu wawili kuinyanyua, na fundi yuko mtaa wa Ghala. Baba akasema lazima iende sasa hivi, joto hilo hawa wanyama hawatafika jioni. Musyoka hakutaka kuondoka. Alikuja akachutama mbele yangu, macho yake sawa na yangu.

"Skiza mdosi. Huyu mtoto lazima anyonye kabla ya saa sita. Mama akikataa, wewe ita nyanya yako, mkamue kwa kikombe, halafu mtoto mmpatie na hii chupa. Hiyo maziwa ya kwanza, ya manjano, ndiyo dawa yake. Hakuna ingine. Isimwagike hata tone. Umeskia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

Nikasema tena, yote, neno kwa neno, mpaka na kile Kiswahili chake nikakiigiza. Akacheka, akapanda gari.

Bibi alikuja bandani na kanga mbili na ndoo. Nilimwambia alivyosema Musyoka. Hilo sikulificha. Akaniangalia kama nimemwambia farasi anaruka.

"Maziwa hayo yamekaa ndani miezi yote, mwanangu, yashaoza hayo. Huoni rangi yake? Kama usaha! Nyie nyote watatu nilimwambia mama yenu akamue amwage, mkapewa asali. Kwani mmekufa?"

"Lakini Musyoka kasema ni dawa, Bibi."

"Musyoka kazaa wangapi?"

Bibi alizaa tisa. Na huko Unguja alifuga ng'ombe, alijua kukamua kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Ya ng'ombe hayo ya kwanza, dang'a, walikuwa wanayakamua yote wakayapika, yakagandana kama jibini, wakapelekeana majirani. "Ya farasi nani atakula?" akasema. "Tuyamwage, kiwele kipoe, yaje maziwa safi." Mie nikamshika Ghazala hatamu, nikamsugua shingo, na Bibi akakaa kitako kwenye kibao akakamua kwa vidole vyake viwili, polepole, anamsomea dua. Ghazala akatulia. Yalikuwa mazito, ya njano kama samli inayoanza kuganda. Ndoo ilipofika karibu robo, Bibi akanipa nikamwage. Nikaenda nayo mpaka kwenye shina la mndimu. Nikasimama. Namkumbuka yule mtoto aliyesimama na ndoo, kitambaa kichwani, mashavu yanamuuma, na ninaapa alikuwa anajua. Maneno ya Musyoka nilikuwa nayo yote kichwani, hayajapotea hata moja. Nikamwaga. Nzi wakaja wengi mara moja.

Bibi akatafuna tende, akaitia asali, akampaka mtoto wa farasi kaakaani kwa kidole kama anavyofanyiwa mtoto wa binadamu, akamwadhinia sikioni huku anacheka mwenyewe. "Na huyu si kiumbe wa Mungu?" Yule mtoto akamnyonya kidole. Baada ya adhuhuri ndiyo kiwele kikalainika, na Ghazala, kwa vile hakikumuuma tena, akamwachia mtoto wake anyonye. Maziwa yalikuwa meupe. Bibi akafurahi akaingia ndani kusali.

Walirudi baada ya asri. Musyoka alikimbia kutoka garini hata mlango hakufunga. Alimkuta mtoto ananyonya, mkia unapigapiga. Akaweka mikono kichwani kwa furaha. "Mdosi! Umefanya kazi! Alinyonya ile ya manjano?"

Wiki hiyohiyo Ammi, kaka yake Baba, alikuwa amekuja kutaka kumchukua Bibi akakae kwake Khuwair, na Baba na Bibi walikuwa wamegombana kwa sauti nilizozisikia kutoka chumbani. Bibi ndiye niliyekuwa nalala naye, ndiye aliyenifunga kile kitambaa. Nikaona nikisema, Baba atapiga kelele, na Bibi ataondoka. Nikasema, "Alinyonya."

Siku ya pili mtoto aliinuka kwa tabu. Magoti yakawa ya moto, yamevimba, akawa anasimama kama amekanyaga misumari. Baba akamleta daktari wa mifugo. Daktari akampima, akasema sumu imeingia kwenye damu, na inaingia kwa njia mbili khasa: ama kitovu hakikusafishwa, ama hakupata maziwa ya kwanza. Kama hakupata maziwa, akasema, bado anaweza kujaribu kumtilia mshipani maji yaliyochujwa kwenye damu ya farasi mwenye afya, lakini iwe leo.

"Maziwa alipata," Baba akasema. "Binti yangu alikuwepo."

Musyoka akanigeukia. Hakuchutama safari hii. "Mdosi, sema ukweli. Hakuna mtu atakupiga. Alinyonya ile ya kwanza?"

Bibi alikuwa ndani, anapepeta mchele, hajui watu wanazungumza nini uani. Angeulizwa angejibu kwa kujivuna. Hakuulizwa. Waliulizana wanaume, wakaniuliza mimi. Na mimi nikatazama viatu vya Baba nikasema, "Alinyonya."

Basi kikabaki kitovu. Na kitovu alikishika Musyoka. Alisema alikitia dawa, akaonyesha kichupa, na Baba akakitupa ukutani. Mtoto alikufa siku ya tatu, mchana, kichwa chake kwenye mapaja ya Musyoka, na Ghazala akizunguka banda analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama mwingine. Wiki haikwisha Musyoka akakatiwa tiketi. Asubuhi anayoondoka alikuwa amefua matambara yote ya banda na kuyaanika. Nilisimama mlangoni. Nilidhani atanitukana. Akaniambia, "Huyo mama mkamue kidogo kidogo, mdosi. Asiachwe ivimbe, itamuuma." Akapanda gari na begi lake moja.

Ghazala aliuzwa kabla ya mvua. Baba hakununua farasi tena. Miaka michache mbele tukauza na shamba, tukajenga nyumba hapo karibu, nzuri, ya ghorofa, na kiyoyozi kila chumba. Mfereji umezibwa, juu yake pamepita barabara. Mahali pa banda sasa pana watu tusiowajua, na wao hawatujui, wala hakuna anayempelekea mwenzake ndimu. Zuwena anasema haya ndiyo maendeleo, na mie siwezi kumkatalia nikiwa nimekaa kwenye baridi ya kiyoyozi. Vumbi silitaki tena, wala wale nzi. Ila nikipima wakati ule na huu, naona mambo yote yamebadilika isipokuwa moja: Baba bado anasimulia. Kila akija mgeni, kahawa ikishamiminwa, anaanza. "Niliwahi kuwa na Mkenya mmoja, wallahi aliniulia mtoto wa farasi kwa uchafu wa mikono." Nimeisikiliza hadithi hiyo miaka kumi, napeleka halwa, nakusanya vikombe.

Leo kwenye chakula cha mchana imekuwa si hadithi tena. Yule rafiki yake wa Barka amepiga simu. Kuna Mkenya amekuja kwake kuomba kazi ya farasi, mtu mwenye watoto na barua zake za sifa, na huyo rafiki anataka ushauri wa Baba kwa vile Baba anawajua watu hao. Baba akamwambia atampigia kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akakata simu, akatuangalia, akasema, "Nitamwambia asimguse." Akaendelea kula. Zuwena akanitazama, kwa sababu yeye peke yake nilimwambia siri hii, mwaka jana, siku tulipomzika Bibi. Ndipo tukaenda kugombana jikoni.

Anasema nisubiri. Nisubiri nini? Nimesubiri mpaka nimemaliza sekondari, mpaka Bibi amekufa na hawezi tena kuhamishwa na mtu. Sababu yangu imekwisha, na bado nilinyamaza mwaka mzima.

Kesho Baba akirudi msikitini alfajiri nitakuwa nimekaa pale anapovulia viatu. Nitamwambia Bibi alifanya alivyojua, na mimi nilifanya nilivyojua si sawa. Nitamwomba ile nakala ya pasi ya Musyoka, ambayo iko kwenye faili lake la zamani, nipate jina la kijiji chake, na barua nitaiandika mwenyewe. Akipiga kelele, apige. Kisha nitamletea simu mkononi, na sitatoka chumbani mpaka ampigie yule rafiki yake wa Barka mbele yangu.