Sifuri Alivyojisifu Darasani

Msichana aliinuka, akafikiri kwa makini, akanijibu: "C, Madam."

Nilikuwa nimemwuliza kwa mdomo, ana kwa ana, bila karatasi wala penseli. Kwa nini omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, huanikwa juani kabla ya kusafirishwa? Hapakuwa na A wala B. Hata hivyo darasa zima la saba lilitikisa kichwa kukubali, na kutoka dawati la nyuma nikasikia sauti ikinong'ona kwamba jibu lingeweza pia kuwa D.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Homa Bay, nasubiri chuo, na shule moja ya msingi kando ya barabara ya Sori, huku Nyatike, ilikuwa inatafuta mtu. Kamati ya shule ikanichukua bila cheti cha ualimu, nifundishe Kiswahili na kipindi chochote ambacho kilikosa mwenyewe. Nilifika na begi moja na kichwa kilichojaa riwaya nilizotaka kuandika. Nilikuwa napenda sentensi kama wenzangu walivyopenda mpira. Niliposikia ile "C", sikujua nicheke au nikae chini.

Lakini watoto hawakuwa na kosa. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ukiondoa insha, ulikuwa wa kuchagua herufi na kuweka alama ya penseli. Basi masomo yote yalikuwa yamekauka hadi kufikia herufi nne. Mtoto aliweza kupita darasa baada ya darasa katika sayansi, jiografia na hesabu bila kuandika hata sentensi moja iliyo na mwanzo na mwisho. Sentensi zilikuwa wageni wa kipindi cha lugha, na kengele ikilia zinafungiwa kabatini.

Nikalipeleka jambo hili ofisi ya walimu. Nikasema kila somo lifundishe kuandika sentensi, si langu peke yangu.

"Sentensi ni zako, Madam," mwalimu wa hesabu akasema bila kuinua macho. "Mimi nauza namba."

Aliyenisikiliza ni mwalimu wa sayansi na kilimo, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye sauti ya mtu anayecheka hata akisoma ratiba. "Juzi mtoto ameniandikia 'mizizi'," akasema. "Nikamwuliza, mizizi imefanya nini? Akaniambia, 'Mwalimu, mizizi tu.' Kana kwamba nimeuliza habari za watu wazima."

Tulicheka, lakini hatukujua tuanzie wapi.

Jibu lilikuwa nje, karibu na tangi la maji, wakati wa chakula cha mchana. Watoto walikuwa wamepindua jerikeni, mmoja anaipiga, wengine wamezunguka. Walikuwa wanacheza pakruok. Yeyote aliyekulia kwa Wajaluo anaijua: kwenye sherehe mtu anausimamisha muziki, anamtuza mpigaji, kisha anajisifu mbele ya watu wote, yeye ni nani, wa kwao ni akina nani, na kwa nini dunia imshukuru kwa kuzaliwa. Halafu muziki unaendelea. Watoto waliwaiga wakubwa. Nikamwona yule msichana wa "C" akiinua mkono. Jerikeni ikanyamaza.

"Mimi hapa," akasema, mkono kiunoni, "ni mjukuu wa mwanamke aliyemfokea kiboko mpaka kiboko akasahau njia ya kurudi ziwani, na tangu siku hiyo mahindi yetu yanalala usingizi!"

Wakapiga kelele. Jerikeni ikaanza tena. Mimi nilibaki nimeshika sahani, ugali unapoa. Sentensi ile ilikuwa na kiima, ilikuwa na tendo, ilikuwa na matokeo, ilikuwa na kiboko! Na iliyoitoa ni midomo ileile iliyoniambia "C".

Nilikimbia kwa mwalimu wa sayansi. Sikutembea, nilikimbia, nikiwa na sahani mkononi.

"Mwalimu," nikamwambia, "tuwaache wajisifu. Lakini si kwa majina yao. Wajisifu kama moyo. Kama mzizi. Kama mvuke."

Kisha akagonga meza kwa kiganja, hivi, kama anayeusimamisha muziki. "Mimi," akasema, "ni figo."

Tulianza mchana uleule. Yeye anafundisha, na mtoto anayetaka anagonga dawati, somo linasimama, anainuka anajisifu. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. "Mimi ni moyo, mimi ni mkali, hakuna kama mimi!" Mwingine: "Mimi ni pafu, mimi ndiye mkali, moyo akae chini!" Kila kiungo kilikuwa kikali, na hatukujifunza chochote kuhusu kiungo chochote.

Watoto wenyewe ndio waliotibu ugonjwa huo. Ini alipojigamba kwa mara nyingine kwamba ni mkali, kona ya nyuma ikamrukia: "Marang'o?" Kwa nini? Darasa likalidaka neno hilo kama mpira. Tangu hapo hakuna aliyejisifu bila kuulizwa "Marang'o!" kwa pamoja, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa kabla ya kutoa "kwa sababu" iliyoshiba. Na badala ya tuzo ya mpigaji, malipo yetu yalikuwa kuandika. Ukishajisifu, darasa zima linainama na kuiandika sentensi yako, kila mtu akijaribu kuifanya nzuri kuliko ulivyoisema. Kimya kilichofuata kila kelele kilikuwa kizuri mno. Unasikia kalamu tu, na mbuzi wa jirani.

Masomo mengi yalifundishwa kwa Kiingereza, michezo ilikuwa ya Kijaluo, na Kiswahili kilikuwa cha kipindi changu na cha sokoni Sori. Kwa hiyo mtoto alijisifu kwa lugha iliyomjia kwanza, kisha akaandika kwa lugha ya somo. Hapa ninaziweka zote kwa Kiswahili.

Katika jiografia, Kisiwa cha Mfangano kilijisifu kwamba hakihitaji ua kwa sababu ziwa lenyewe linakilinda. Katika kilimo, samadi alisema wanaoziba pua wakimwona ndio watakaomwimbia wakati wa mavuno. Nilikuwa nasahihisha madaftari huku nikicheka peke yangu. Nilikuwa nachora mistari chini ya vitenzi kama mtu anayepaka rangi nyumba yake ya kwanza.

Mwalimu wa hesabu alishikilia namba zake hadi siku moja katikati ya somo lake dawati lilipogongwa. Hakuwa ametoa ruhusa. Alituhadithia baadaye, amesimama mlangoni mwa ofisi na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Mtoto ameinuka ameniambia yeye ni sifuri! Anasema, 'Nikisimama peke yangu mnanicheka. Lakini nikisimama kulia kwa moja, moja anakuwa kumi.' Darasa likapiga kelele, marang'o! Akajibu, 'Kwa sababu mimi nashika nafasi ya mamoja, naye anasukumwa kwenye nafasi ya makumi.'" Akavuta pumzi. "Madam, hilo nimelifundisha tangu wakiwa darasa la tatu. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisikia likinirudia."

"Kwa hiyo unauza nini siku hizi?" mzee wa sayansi akamwuliza.

"Nyamaza, wewe figo."

Halafu mwalimu mkuu akaniita. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Mwenyekiti wa kamati amesikia kwamba shule imegeuzwa kilabu," akasema. "Meza zinapigwa kama ngoma, watoto wanajisifu kama walevi. Kesho anakuja kuona mwenyewe. Nakwambia mapema, binti yangu. Wewe ni mtu wa kamati, si wa serikali. Akisema hapana, unarudi Homa Bay, na sentensi zinarudi kwenye kipindi cha lugha."

Mwenyekiti alikuwa Msabato wa msimamo, mfanyabiashara wa omena, mtu aliyevaa koti hata jua la Nyatike likiwa utosini. Kwake pakruok ilikuwa ya mahali penye pombe na viuno. Na alikuwa na haki ya kulisema hilo, kwa sababu pakruok ilikotoka, pombe na viuno vilikuwepo. Nilikuwa na hofu moja tu: kwamba nitaondoka na watoto hawa watarudi kwenye C.

Alikuja asubuhi, kipindi cha hesabu. Mwalimu wa hesabu nilimwomba aahirishe, afundishe kitu cha kimya. Akakataa. "Wacha aje," akasema, akachora pembetatu mraba ubaoni, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: ENEO LA PEMBETATU.

Mwenyekiti akakaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakimfikia kifuani, kofia juu ya goti moja. Mimi na mwalimu mkuu tulisimama karibu na dirisha.

Watoto walikufa ganzi. Mwalimu aliuliza, wao wakajibu kwa neno mojamoja. Pembetatu. Kitako. Kimo. Nusu. Kila neno lilinichoma. Yule msichana wa kiboko aliulizwa eneo linapatikanaje, akainuka, akatazama sakafu.

"Nusu," akasema.

"Nusu ya nini?" Sauti ilitoka nyuma. Mwenyekiti.

"Ya mstatili, Mzee."

"Mstatili gani? Mimi naona pembetatu pale ubaoni. Sioni mstatili."

"Upo, Mzee."

"Haupo. Nani kakwambia upo?"

Nilimwona msichana akiinua uso. Niliujua uso ule, niliuona karibu na tangi la maji. Mkono wake ukapanda, ukashuka juu ya dawati, pa! Mwalimu mkuu akafumba macho.

"Mimi ni pembetatu," akasema, "na mstatili asinivimbie, kwa maana yeye ni mimi mara mbili!"

"Marang'o?" Darasa zima, na nina hakika kabisa kwamba sauti nzito ya nyuma ilikuwa miongoni mwao.

"Kwa sababu mkimkata kutoka kona hii hadi kona ile, tunatoka wawili tuliolingana, mmoja ni mimi na wa pili ni pacha wangu, ndiyo maana eneo langu ni nusu ya lake!"

Kisha, bila kuambiwa, wakainama na kuandika. Mwenyekiti alijichomoa kwenye dawati. Akapita polepole kati ya safu, mikono nyuma, akisoma juu ya mabega. Kwenye daftari moja alisimama kwa muda mrefu. Akatoa karatasi mfukoni mwa koti, akaikunja ikawa mstatili, akaikata kwa ukucha kona hadi kona, akaviweka vipande viwili kimoja juu ya kingine. Vikalingana. Akavirudisha mfukoni.

Nje, mbele ya ofisi, tulisimama wote.

"Ngoma iko wapi?" akauliza.

"Hakuna ngoma, Mzee," mwalimu mkuu akasema.

"Kuna meza. Meza isigongwe. Na jina la ule mchezo wa kilabu lisitajwe hapa." Akanigeukia. "Wewe, nyara, binti yangu, huwa unakuja kanisani kwetu?"

"Mimi ni Mkatoliki, Mzee."

"Si kitu. Siku ya Sabato kwetu mtu anasimama, anaeleza alivyokuwa na alivyo sasa, na watu wanamsikiliza. Tunaita ushuhuda. Watoto watoe ushuhuda. Lakini ushuhuda hauanzi na 'mimi ni mkubwa'. Unaanza na 'nilikuwa'."

"Na Madam?" mwalimu wa hesabu akauliza haraka. "Anarudi Homa Bay?"

"Kufanya nini Homa Bay? Mmeona ile miandiko? Nani ataisahihisha, wewe?" Akavaa kofia, akaondoka.

Mzee wa sayansi akanishika kiwiko. "Sasa hata maharage yangu yataokoka," akanong'ona.

Nilikuwa na furaha ya kubaki, lakini nilirudi darasani nikidhani tumenyang'anywa moto wetu. Kipindi kilichofuata kilikuwa sayansi, mzunguko wa maji. Niliwaambia watoto sheria mpya: hakuna kugonga, hakuna kujisifu, anzeni na "nilikuwa". Walinitazama kwa huruma. Kisha msichana wa kiboko akasimama taratibu, akakunja mikono mbele kama mama wa kanisa.

"Nilikuwa maji ya ziwa," akaanza, "nikilala pale Sori chini ya mitumbwi."

"Halafu?" mtu akauliza kwa upole, kama watu wanavyouliza kanisani.

"Jua liliponiita nikapanda bila ngazi, nikiwa mvuke."

"Ikawaje?"

"Nikatembea angani mpaka vilima vya Gwassi, na kabla sijavuka baridi ikanikamata, ndipo nikawa wingu, na nilipozidi uzito nikaanguka juu ya mahindi ya watu ambao sikuwahi kuwajua!"

"Amina!" darasa likajibu.

Mimi nilikuwa tayari ubaoni, chaki inavunjika mkononi. Liliponiita. Mpaka. Kabla. Ndipo. Huko kwenye kujisifu tulikuwa na "kwa sababu" peke yake. Sasa wakati wenyewe ulikuwa umeingia kwenye sentensi, na jambo moja lilikuwa linaweza kulifuata lingine na kulisubiri. Mikono ilikuwa juu kila upande. Punje alitaka kutoa ushuhuda. Kutu pia. Mzee wa sayansi alikuwa amekaa dawatini na watoto, ananyoosha mkono kama wao, naye hakuchaguliwa.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa hesabu aliingiza kichwa, jasho likimtiririka.

"Madam, nikopeshe hiyo 'ndipo' yenu," akasema. "Darasa la sita liko kwenye kugawanya kwa njia ndefu, na limekwama katikati."