Mtu Niliyempeleka Kwenye Runinga

Watu wakiniona Machakos mjini wananipigia paja. Hakuna salamu wala habari ya asubuhi. Mwanamume mzima, amebeba mkate na maziwa, anasimama kando ya barabara, anajipiga paja mara mbili, anapinda shingo, kisha anapaza sauti: "Ngoja nimalize!" Nami nacheka. Nimecheka hivyo zaidi ya miaka ishirini. Leo nataka kusema ukweli kabla sijazeeka nikaanza kujidanganya: kichekesho hicho si changu. Ni cha kaka yangu mkubwa, na nilikichukua bila kumwomba.

Kaka yangu ana kigugumizi tangu utotoni. Neno likimkwama anapiga paja, anageuza shingo, na macho yanashuka sakafuni kana kwamba neno limeangukia chini ya kiti. Sisi wadogo zake, kwa kukosa adabu, tulikuwa tukimmalizia sentensi, tena tunaimaliza vibaya makusudi. Akitaka chumvi tunamletea kijiko. Ndipo anasema, karibu kulia, "Ngoja nimalize." Hapa nitaandika maneno yake yakiwa mazima. Nimeyakatakata vya kutosha mbele ya watu.

Nilipoanza kuigiza, kipindi chetu cha vichekesho kwenye runinga hakikuwa na maandishi marefu. Mwelekezaji alikuwa na mtindo wake: kila mwigizaji alete mtu wake kutoka nyumbani. Mmoja alimleta shangazi yake mwenye maringo, mwingine akamleta chifu wa kwao. Unamvaa mtu wako, unaingia, mengine mnayapika papo hapo kamera ikiwaka. Mimi sikuwa na mtu. Nilikuwa yule mteja wa hoteli anayeagiza chai na kutoka. Baada ya miezi kadhaa mwelekezaji akanishika bega na kuniambia, "Bwana, wiki ijayo kama huna mtu, usijisumbue kuja."

Lo, nilitoka jasho! Nilikuwa nimewatangazia watu wote nyumbani kwamba mimi ni wa kwenye runinga. Wiki iliyofuata nilivaa koti kubwa la soja, yaani mlinzi, nikaketi getini, nikamleta kaka yangu. Paja, shingo, "ngoja nimalize", vyote. Mpiga kamera alicheka mpaka picha ikatikisika. Tangu siku hiyo mimi ndiye soja wa geti, na hakuna aliyeniambia tena nisije.

Nafasi ya kumwambia ilikuwepo, tena tele. Kila Krismasi nilikuwa naenda kwake Masinga, tunakula muthokoi, tunaongea juu ya mvua na maji ya bwawa. Nilijitia hamnazo. Nilijiambia kwao stima haijafika, hata hajui ninaigiza nini. Mwaka mmoja shemeji, yaani mke wake, aliniambia, "Siku hizi sokoni ananituma mimi. Na kanisani amekataa kusoma matangazo." Nikajibu eti ni uzee. Uzee! Mtu hajafika hata miaka hamsini. Nilijua, jamani. Nilijua na nikaongeza chapati.

Halafu mwaka huu binti yake akapata mchumba, kijana wa Matuu. Huyo binti ndiye mtoto wake wa pekee. Kwetu Ukambani msichana hahesabiki ameolewa mpaka iletwe ntheo, wale mbuzi wa watu wa mwanamume, na wazee wa pande zote mbili wakae, waongee, wakubaliane. Baba anaweza kumwachia msemaji mazungumzo yote, na wengi hufanya hivyo. Kaka yangu akanipigia simu.

"Siku hiyo neno la kumtoa mtoto nitalisema mimi mwenyewe," alisema. "Usiniongelee. Hata nikikawia."

"Siwezi kukuongelea, kaka."

"Hata nikikawia sana."

Shemeji aliniambia baadaye kwamba alikuwa amejifunza maneno hayo karibu mwezi mzima. Anaenda kwenye boma la mbuzi asubuhi, anawahutubia. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: kwamba amempokea kijana, na kwamba mtoto akikosewa huko, asirudishwe kwa simu, bali aletwe kwa mkono. Ni hayo tu.

Jumamosi ya ntheo nilitoka kwangu Syokimau mapema nikafika kabla ya wageni. Watu wa Matuu walipoingia na mbuzi wao, vijana waliniona. Basi! Simu zikatoka mifukoni. "Niaje, soja! Mzee, fanya kidogo tu, kidogo tu!" Nyumba ya kaka yangu ilikuwa hatua kama thelathini kutoka pale. Mtu mwenye akili angesema leo hapana, leo nimekuja kama baba mdogo wa bibi harusi. Mimi nikasogea nyuma ya tangi la maji, nikatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, nikawafanyia. Paja mara mbili. Shingo. Sauti. Wakavunjika mbavu. Na nikikuambia sikufurahi nitakuwa nakudanganya, nilifurahi sana.

Hema likajaa. Wazee wakaongea yao, mbuzi wakatazamwa wakakubaliwa, kisha ikafika zamu ya baba. Kaka yangu akasimama. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Akaanza vizuri. Aliwasalimu wageni, akamtaja kijana, akasema amempokea. Nikaona shemeji anaachia pumzi. Halafu neno likakwama. Mkono ukaenda pajani, pa, pa, shingo ikageuka.

Hema zima lilicheka.

Hawakuwa watu wabaya, lazima niseme hivyo. Walidhani ni mchezo wetu ndugu wawili, tumeupanga kuwachangamsha wageni. Soja wa runinga walimjua wote, na vijana wao walikuwa wamenitazama mimi asubuhi ile ile! Kaka yangu alijaribu tena, akakwama tena, na hapo, kwa sababu hakuwa na maneno mengine ya kuomba, akasema, "Ngoja nimalize."

Wueh! Watu walipiga makofi. Baba wa kijana alijifuta machozi kwa leso akasema, "Kumbe ni familia nzima ya wasanii!" Simu kama kumi hivi zikageuka kunitazama nitafanya nini. Nami nilikuwa nacheka. Hili ndilo ninaloona haya kuliko yote, kuliko koti, kuliko tangi la maji. Uso wangu ulikuwa unacheka wenyewe kwa sababu ulikuwa unapigwa picha. Kaka yangu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama vile mtu anavyosubiri mwenzake ainuke awanyamazishe watu. Sikuinuka. Akaketi.

Mzee mmoja wa upande wetu akasimama haraka kuokoa jahazi. Akasema tumekubali, tumefurahi, chakula kiko tayari. Binti alikuwa amesimama mlangoni na shangazi zake. Yeye hakucheka. Lile la kuletwa kwa mkono halikusemwa na mtu yeyote.

Alasiri wageni wakila nilimfuata bomani. Alikuwa amevua koti la suti na kulitundika kwenye ua, anawamwagia mbuzi maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, maneno mazuri ya mtu wa jukwaa, yote yakanitoka. Nilisema tu, "Nimekukosea, kaka. Yule soja ni wewe. Nimekuvaa miaka hii yote."

Akamaliza kumwaga maji. Aliongea kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza mpaka mwisho.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Nilikuwa kwa hoteli pale sokoni, kule kulikuwa na TV. Watu wamejaa. Wewe ukatokea, ukapiga paja. Nikasema, huyu ni mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, amefika mbali na bado ananikumbuka. Nilifikiri unanisalimia."

Akachota maji kidogo, akanawa mikono.

"Hakuna mtu pale alikuwa amejua ni mimi," akaendelea. "Hata mmoja. Walikuwa wanacheka tu soja. Sasa mimi nikasimama nikakusalimia pia, nikanyanyua mkono. Hivi. Ndio wote wakageuka wakaniangalia, wakaangalia TV, wakaniangalia tena."

Alikuwa ameunyanyua mkono kunionyesha, kiganja wazi, maji yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilijaribu kunyanyua wangu kumjibu salamu, nikashindwa.