Gauni la Kijani

Nilipolazwa mjini Embu, nilitengewa chumba cha peke yangu. Nilikuwa na kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, rafiki yangu alitoka kwetu upande wa Kiambere kuja kuniona. Hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya dirisha, barakoa usoni, akipaza sauti kama anayeita mbuzi, mpaka wauguzi wakamzoea.

"Gauni lako limeshakatwa!" aliniambia siku moja. "Kijani, na kola nyeupe. Liko kwa fundi, linakungoja wewe tu."

Kwaya yetu ya akina mama ilikuwa inashona sare mpya. Sitadanganya: mimi napenda nguo, na napenda kuimba mstari wa mbele nionekane. Dawa zilinichafua tumbo, miguu ikafa ganzi, na kuna asubuhi nilishika vidonge mkononi nikatamani kuvitupa chooni. Nikavimeza nikiifikiria ile kola. Daktari alinisifu kwa moyo wa uvumilivu. Ningemwambiaje kwamba ni gauni?

Siku niliyorudi nyumbani, nimepona kabisa, sikupita hata kwa shemeji zangu. Nilienda moja kwa moja kwa fundi. Alipekua rundo lake lote, kisha akanitazama kwa haya.

"Mama, mimi sikuletewa vipimo vyako," akasema. "Niliambiwa watu ni kumi na nne, na hao nilishamaliza."

Nilimkuta rafiki yangu uani kwake akipepeta ndengu. Aliruka aje anikumbatie. Nikarudi nyuma, nikamuuliza gauni langu liko wapi. Akaweka ungo chini.

"Wenzetu walitaka kukuhesabu," alisema. "Ni mimi niliwaambia waache."

"Wewe?"

"Si nilikuwa nimekuona kwa dirisha, dadangu. Ulikuwa umebaki mifupa. Nilijua hutatoka huko. Nikaona kitambaa kitaharibika bure."

"Na hizo stori zote za kola?"

"Ulitaka nikuambie nini? Si ulikuwa unameza dawa?"

Nilikuwa nameza, ndiyo. Watu wakisikia kisa hiki husema alifanya vyema, eti uongo wake ndio ulioniponya, nimshukuru. Waseme watakavyo, hawakulala kwenye kile kitanda. Mimi nilistahimili yale yote kwa kuwa niliamini kuna mtu mmoja huko nje anayesubiri nitoke. Kumbe kila Jumamosi aliyokuja dirishani, alikuwa amekuja kuniaga.