Watoto Waliotulia Ukuta Ukianguka

Asubuhi ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu kesho kutwa unapanda bodaboda kwenda Idete kufanya mazoezi ya kufundisha darasa la awali, na juzi uliniambia, "Mwalimu, mimi michezo nitawapunguzia. Mtoto akivunjika mkono nitasema nini?" Niliogopa, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka chuoni na kanga mbili na kiburi cha kutosha. Nilipangiwa kijiji kimoja ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Jina lake sitalitaja. Darasa la awali lilikuwa chumba walichojenga wazazi kwa matofali mabichi, na uwanjani kulikuwa na gogo kubwa ambalo watoto walilipanda tangu wanafika. Wiki ya kwanza mmoja akateleza pale, jino likang'oka. Mama yake alikuja na jembe begani, hata kulitua hakulitua. "Mwalimu, mwanangu nimekukabidhi mzima," alisema. "Mara ya pili tutaonana vibaya." Jino lenyewe lilikuwa la utoto, lilishaanza kucheza, lakini mimi tayari nilijiona niko mahabusu.

Basi nikafuta michezo. Nikawafundisha amri moja tu: "Tulia!" Nikipaza sauti, kila mtoto anakaa chini, anakunja miguu, anaweka kidole mdomoni, na hainuki mpaka nimguse kichwani. Tulirudia asubuhi, tukarudia kabla ya kwenda nyumbani. Baadaye hata neno halikuhitajika, ukali wa sauti yangu ulitosha. Mwenyekiti wa kijiji alipita siku moja, akasifia ukimya ule, nami nikavimba kichwa.

Aliyenisumbua ni Skola, binti wa miaka mitano, mwembamba, miguu haina breki. Huyo alizoea kupanda dungu la bibi yake shambani, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege wa mpunga, akaona na madirisha ya darasa ni ya kupandwa. Nikamhamishia nyuma kabisa, ubavuni mwa ukuta, akae peke yake. Nilimfinya pia, sikufichi. Mwisho naye akatulia.

Mwalimu Odilia hakufurahi. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa darasa la pili, amefundisha pale tangu mimi sijazaliwa. Siku moja alichungulia mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba. Hawa watoto wanaumwa?"

"Hawaumwi, mwalimu. Wana nidhamu."

"Mtoto wa umri huu asiyekimbia, mimi namwita mgonjwa. Hebu wafungulie, binti yangu."

Nikaitikia ndiyo, nikaendelea na yangu.

Masika ile mvua ilinyesha siku nne mfululizo, maji ya bondeni yakapanda mpaka yakafikia msingi wa chumba. Siku ya tano mvua ilikatika, tukaingia darasani, na wazazi wengi wakaenda kuangalia mashamba yao. Nilikuwa nachora ubaoni niliposikia kitu kinakwaruza, nikadhani panya. Nilipogeuka, ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa, na ufa ulizidi kufunguka huku nautazama. Udongo ulikuwa unadondoka begani kwa Skola.

Nikapiga ukelele, "Tokeni! Tokeni nje!"

Mwanangu, wote wakakaa chini. Walisikia ukali wa sauti, wakafanya nilichowazoesha: miguu wamekunja, vidole mdomoni, macho kwangu. Nikazidi kupiga kelele, nao wakazidi kutulia. Nikaanza kuwakamata mikono na kuwavuta nje wawili wawili, lakini wakifika mlangoni wanakaa tena palepale, wanaziba njia. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Mwalimu Odilia akatokea mbio. Hakupiga kelele. Alipiga makofi, akachekelea, akasema, "Haya, nani ataweza kunikamata?" Akaanza kukimbia kuelekea kwenye gogo, na umri wake ule, huku anaruka madimbwi. Mtoto mmoja akainuka. Wakainuka watano, halafu karibu wote, wakamfuata wakicheka.

Alibaki Skola kule nyuma. Nilikuwa hatua chache tu kumfikia ukuta ulipoangukia ndani.

Nilichimba lile tope kwa mikono, nikimwita, na hakuna aliyeitika. Moyoni nilishajua nimemuua. Odilia alirudi tukachimba wote, mpaka tukafikia boriti iliyoanguka na kuegemea pembeni, na chini yake Skola. Mguu wake ulikuwa umebanwa. Macho yalikuwa wazi, na kidole kilikuwa mdomoni.

"Skola, mbona huitiki?" nikalia.

Akakitoa kidole, akanong'ona, "Hujanigusa kichwani, mwalimu."

Tulimpeleka hospitali Ifakara na mguu uliovunjika. Ulipona, ingawa mpaka leo anachechemea kidogo. Odilia alinikemea mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye benchi kusubiri daktari: "Ulimwogopa mama mwenye jembe, ukawafundisha watoto wakuogope wewe kuliko ukuta."

Kwa hiyo nisikilize. Kuogopa utaogopa, hata mimi sijapona. Ila hofu yako imalizie asubuhi kabla hawajafika: zunguka uwanja, okota vipande vya chupa, hakikisha kisima kimefunikwa, tikisa tawi wanalobembea, kagua na kuta. Kisha waache wakimbie. Waruke kamba, wacheze kombolela, wapande, waanguke na kuinuka, na wewe uwe katikati yao, usikae kwenye kiti na fimbo mkononi. Wazazi waambie mapema kwamba watoto watachafuka na siku nyingine watachubuka. Ukiwaeleza vizuri, wengi wataelewa. Mtundu usimfiche nyuma. Na kila siku wawe na mchezo mmoja wa kukimbia kutoka ndani hadi uwanjani, waufanye kwa kicheko, miguu yao ijue njia kabla hujawahitaji wakimbie kweli.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe darasa lenye makelele, awalinde watoto pale macho yako yasipofika, na kila mchana akujalie kumrudisha kila mmoja kwao akiwa mchafu, ana njaa, na ni mzima.