Kuvu Iliyoota Wakati wa Eda

MBEYA, Juni 1956. Saa tatu asubuhi, watu wanapita barabarani mikono ikiwa kwapani kwa baridi, na Asukile Mwambungu bado hajagusa kazi yake. Amekaa kwenye stuli katika mlango wa nyuma wa studio, anangoja jua livuke paa la jirani. Mbele yake ipo meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu yake kuna tochi, kibano, pamba, chupa mbili za dawa, na lenzi moja nzito ya shaba yenye ukubwa wa kikombe cha chai.

"Vidole vya baridi vinaangusha vitu," anasema, huku akivisugua. "Na hii ikianguka hapa kwenye saruji, basi, tumekwisha."

Nyuma yake, kwenye benchi, yupo Bwana Mansoor, mwenye duka la vitambaa Iringa. Amefika jana kwa basi na koti lake bado lina vumbi la njia. Ndani, nyuma ya pazia la mlango wa kati, ameketi Bi Rubab, mjane wa Fidahussein, mpiga picha aliyefariki mwezi Januari. Mansoor ni mdogo wake marehemu. Bi Rubab ametoka eda wiki iliyopita.

Wote watatu wanasubiri kujua jambo moja tu: lenzi ya marehemu, iliyoota kuvu, itapona au haitapona.

Ikipona, studio itafunguliwa na Bi Rubab atabaki Mbeya na binti zake wawili. Ikiwa imekufa, Bwana Mansoor atauza kamera na viti, atafunga nyumba, na mjane atahamia Iringa kwa shemeji yake. Lenzi nyingine ya namna hii huagizwa Nairobi kwa zaidi ya shilingi elfu moja, na hakuna katika nyumba hii anayeweza kutoa fedha hizo. Asukile mwenyewe alikuwa akilipwa shilingi tisini kwa mwezi. Tangu studio ifungwe, anaishi kwa kutengeneza kamera moja moja za watu nyumbani kwake Uyole, na kwa viazi vya mkewe, Tusajigwe.

Jua linafika. Asukile anaishika lenzi kwa ukingo, anawasha tochi na kuimulika kwa ubavu.

"Ukiitazama hivi mbele, utasema ni safi. Inakudanganya. Mulika kwa ubavu, ndiyo inasema kweli. Haya, tazama."

Mwandishi anatazama. Ndani ya kioo kuna nyuzi nyeupe, nyembamba, zinazogawanyika na kugawanyika tena, mfano wa mizizi ya kitunguu kilichong'olewa sasa hivi.

"Wewe sema tu, Asukile," anaingilia Bwana Mansoor. "Imekufa ama haijakufa?"

"Sijafungua bado, bwana. Ngoja kwanza."

Bwana Mansoor anahema. Ni mtu wa kupima kitambaa, kukata na kufunga. Kungoja si kazi yake.

Asukile aliingia katika nyumba hii mwaka 1947, akitokea Rungwe, ili afagie na kubeba maji ya kuoshea picha. Fidahussein alimwona hana haraka na vitu, akaanza kumpa vidogo vidogo vya kufungua. Baada ya miaka mitatu, kila kamera mbovu iliyoletwa dukani ilipita mikononi mwake. Kamera nyingi ni za wazungu wa mashamba na za askari waliorudi kutoka vita vya Burma, na nyingi zimezeeka kuliko wenyewe wanavyojua.

Anasema maradhi ya lenzi hayafanani, na fundi asiyeyatofautisha ataua nzima akidhani anaiponya. Vumbi hukaa kwa nukta na huondoka kwa pumzi. Mkwaruzo huenda umenyooka. Gundi inayoshikanisha vioo viwili ikiachia, pembeni hutokea rangi rangi, kama mafuta juu ya dimbwi. Kuvu peke yake ndiyo yenye matawi.

"Kuna mzee mmoja, Eliezeri, mkulima wa kahawa, aliona kuvu kwenye kamera yake, akachukua majivu akasugua. Si ndivyo tunavyosugua sufuria? Sufuria inang'aa! Mwe! Aliniletea kioo hata jua lenyewe halipiti." Anacheka, kisha anatikisa kichwa. "Niliona huruma. Alikuwa ametumia nguvu kweli."

Lakini mwalimu wake mkubwa baada ya Fidahussein, anasema, ni Jailos, askari wa zamani ambaye hakujua lolote kuhusu lenzi. Jailos aliitundika kamera yake darini juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, kwa sababu huko ndiko kunakokaa kitu ambacho mtu hataki kipotee. Ilikaa miaka saba. Ilipoletwa ilikuwa nyeusi kwa masizi na ilinuka moshi wa jikoni, lakini Asukile alipoifungua hakuona hata uzi mmoja wa kuvu. Tangu hapo huweka lenzi za wateja kwenye kopo lenye vipande vya mkaa mkavu, na kopo hulitundika mahali penye joto.

Swali lililobaki ni hili: mtu ajuaye yote hayo alikuwa wapi wakati lenzi ya tajiri wake inaota kuvu?

Alikuwa nje ya lango.

Fidahussein alizikwa mvua zikiwa zimeshika. Jamaa walifanya walichoona ni heshima. Lenzi ilirudishwa kwenye kasha lake la ngozi lenye mahameli, kasha likawekwa ndani ya sanduku la nguo za marehemu, sanduku likafungwa kwa kufuli, na Bwana Mansoor akaondoka na ufunguo kwenda Iringa. Bi Rubab akaingia eda, miezi minne na siku kumi, asionane na mwanamume asiye maharimu yake. Katika dini hakuna amri ya kufunga lenzi sandukuni, wenyewe wanakiri. Ilikuwa desturi ya nyumba tu: vitu vya marehemu havichokorwi mpaka mjane atoke.

Ngozi, mahameli, giza, na mvua ya Mbeya. Kuvu ingetaka nini tena?

Severina, mama wa makamo kutoka Kilolo anayepika katika nyumba hii, ndiye aliyekuwa akibeba maneno kati ya lango na pazia.

"Alikuja mara ya kwanza, akaniambia, dada, mwambie mama lenzi iote jua. Nikamwambia mama. Mama akasema ufunguo uko Iringa. Akaja tena, akasimama pale kwenye mvua, mara hii akauliza tu watoto hawajambo? Nikajua ana neno, lakini analimeza."

Kwa nini alilimeza? Asukile anaweka tochi chini.

"Kwetu, matanga hayajaanuliwa halafu wewe unaulizia vyombo vya marehemu, watu wanakutazama vibaya. Wanasema, huyu alikuwa anangoja. Mimi nimekula chumvi ya yule mzee miaka tisa. Niliona aibu." Anaiokota tena tochi. "Heri ningepiga kelele. Hata kama wangenifukuza."

Upande wa pili wa pazia, Bi Rubab anasema naye aliona aibu. "Ningemwandikia shemeji alete ufunguo, angefikiri nataka kugawa mali mapema. Nikasema, acha. Lenzi ni kioo, kioo hakiozi."

Basi wote wawili walikuwa na adabu, na kuvu ikala.

Saa nne imepita Asukile anapoanza kufungua. Anatumia ufunguo wa chuma alioutengeneza kwa kipande cha koleo kilichovunjika. Pete ya mbele imekaza. Anaipasha joto kwa kiganja, anajaribu, anaacha, anajaribu tena. Hatimaye inazunguka. Anavitoa vioo kimoja kimoja na kuvilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule, ili kila kimoja kirudi upande wake.

Dawa ya kwanza ni ile ya hospitali inayotoa povu kwenye kidonda. Anaichanganya na tone la amonia, analowesha pamba, na kuizungusha kutoka katikati kwenda pembeni bila kukandamiza. Nyuzi za kioo cha kwanza zinatoka. Za cha pili zinatoka. Bwana Mansoor ameacha kuhema na amesogea karibu.

Kwenye kioo cha mwisho mkono wa Asukile unasimama. Anafuta tena, anamulika, anafuta mara ya tatu.

"Kuvu imetoka," anasema. "Lakini hapa imekula kioo."

Karibu na ukingo kuna alama ya kijivu, iliyojipinda, mfano wa njia ya konokono ukutani. Hiyo haifutiki. Kuvu hutoa ute wenye ukali, na ukikaa muda mrefu huchimba.

"Basi imekufa," anasema Bwana Mansoor.

"Nimesema imekula. Sijasema imekufa."

"Bhabhi," Bwana Mansoor anamgeukia mke wa kaka yake pale kwenye pazia, kwa sauti ya upole, "usiumie moyo. Iringa ni kwako pia."

"Iringa nitakuwa mgeni wa mke wako, Mansoor bhai," inajibu sauti. "Hapa nina mlango wangu. Mwache fundi amalize."

Asukile anairudisha lenzi kwenye kamera kubwa na kumwomba Bwana Mansoor akae kwenye kiti cha wateja. Picha ya kwanza anaipiga tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Ya pili analibana tundu, ili mwanga upite katikati tu, mbali na lile doa. Tundu likibanwa, mwanga unaoingia ni mchache, kwa hiyo aliyekaa lazima atulie kwa muda mrefu zaidi. Katikati ya kutulia huko, Bwana Mansoor anakumbuka jambo la kumwambia Severina kuhusu chai, na picha inaharibika. Mwenye duka na kunyamaza, wapi na wapi! Inapigwa ya tatu.

Adhuhuri picha zinatoka chumba cha giza zikiwa bado mbichi. Katika ya kwanza, bega la kushoto la Bwana Mansoor limefifia kana kwamba limesimama kwenye moshi. Katika ya pili ana nyuso mbili. Katika ya tatu kila kitu kipo: kofia, mikunjo ya paji, hata uzi uliochomoka kwenye kola ya koti.

Asukile hafichi. "Haitakuwa kama zamani. Watu wazima nitawapiga vizuri. Watoto wadogo, siku ya mawingu, siwezi kuahidi. Lazima tuwaambie wateja mapema, wasije wakasema tumewala hela."

Bwana Mansoor anaitazama picha ya tatu kwa muda. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa funguo, anachomoa ule wa sanduku kwenye pete na kumpa Severina aupeleke ndani.

"Mpaka Desemba," anasema. "Watu wakija, endeleeni. Wasipokuja, bhabhi, utapanda basi, na hatutabishana tena."

"Nimekubali," inajibu sauti. Kisha Bi Rubab analia, kwa kelele, wala haoni haya. Severina anasema hakulia hivyo hata siku ya mazishi.

Studio itafunguliwa Jumamosi. Asukile ameomba mambo mawili: ufunguo wa sanduku usitoke tena katika nyumba, na fundi seremala amtengenezee kabati dogo la mbao, litakalokaa ukutani nyuma ya jiko la Severina, ambako hakupoi mwaka mzima. Yote mawili amekubaliwa.

Anakusanya vifaa vyake ili awahi gari la Uyole. Akiulizwa kama ana mpango mwingine, anasema upo mmoja.

"Nyumbani nina lenzi sita za watu. Juzi nilimwambia Tusajigwe, siku nikifa, kama ni masika, uanze na lenzi. Zitoe nje ziote jua, halafu ndiyo uje kunililia mimi. Akasema nina wazimu." Anafunga kifurushi. "Lakini akauliza zinakaa wapi."